Risala Iliyopigwa Muhuri

Wananchi wote wa kata yetu, mlio nchi kavu na mlio ziwani, mnatangaziwa kwa furaha kwamba tatizo la mwalimu wa Kiingereza katika Shule ya Sekondari Migazini limeondolewa rasmi. Liliondolewa kwanza kwenye taarifa ya robo mwaka, kisha kwenye kumbukumbu za vikao, na mwisho kwenye orodha ya mahitaji ya shule. Kilichokuwa kimebaki ni kumpata mwalimu.

Naandika haya nikiwa Katibu wa Kamati ya Risala. Kamati ina watu watatu: mimi, Mwalimu Elikana ambaye ni mkuu wa shule, na Bi Mwanvua, mjumbe wa wazazi, anayeuza samaki wa migebuka sokoni Mwanga. Mimi nilipewa ukatibu kwa kuwa nina stashahada na kompyuta. Bi Mwanvua alipewa ujumbe kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumnyima.

Kwa wasiojua, mwalimu wetu hakufa wala hakutoroka. Aliazimwa. Mheshimiwa Bonaventura, Mratibu wa Ufaulu wa Ukanda wa Ziwani, alimwazima Mwalimu Marcelina kwa siku tatu ili amwandikie hotuba ya Kiingereza ya kusoma kwenye mkutano wa majirani wa ng'ambo ya ziwa. Mkutano ukaendeshwa kwa Kiswahili, maana ndicho walichokielewa wote. Lakini Mheshimiwa aliona hotuba imependeza kwenye karatasi, akaagiza nyingine, na nyingine tena. Siku tatu hizo sasa zilikuwa na miezi kumi na minne. Kwa taratibu za ofisi yake zilikuwa bado ni siku tatu, kwa sababu hakuna barua ya kuongeza muda, na muda usioongezwa kwa barua haujaongezeka.

Huku nyuma kidato cha nne, wanafunzi sitini na wawili, wakaendelea na masomo kwa mfumo ambao ofisi inauita ujifunzaji shirikishi usio na mwezeshaji. Yaani walikaa peke yao. Binti yangu Verediana alikuwa mmoja wao. Mtihani wa taifa ni Novemba, na karibu masomo yote, kuanzia jiografia hadi baiolojia, maswali yake huja kwa Kiingereza. Mtoto asiyekijua hafeli somo moja. Anafeli shule.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba walikaa bure. Sarufi walijifunza kwa kunakili madaftari ya kaka zao waliomaliza, pamoja na makosa ya kaka zao. Fasihi ilikuwa na riwaya moja, nakala moja, kwa watu sitini na wawili, hivyo waliichana kwa haki, sura moja kwa kila dawati. Dawati la mbele lilimpenda sana mhusika ambaye dawati la sita lilikuwa linajua ni mwizi. Dawati la nyuma lilipata sura ya mwisho, likajua nani amekufa ila halikujua alikuwa nani. Wakati wa mapumziko madawati yalitembeleana na kupeana habari, kama watu wa vijiji viwili vilivyotenganishwa na mto.

Uandishi rasmi walijifunza kwa vitendo. Walimwandikia Mheshimiwa Mratibu wakimwomba awarudishie mwalimu.

Barua ya kwanza waliiandika kwa Kiswahili. Ikajibiwa kwamba maombi ya mwalimu wa Kiingereza hayapokelewi kwa Kiswahili. Ya pili wakaiandika kwa Kiingereza, Verediana akaisafisha siku mbili nzima. Ikajibiwa kwamba Kiingereza cha barua hiyo ni kizuri, hivyo ofisi imeridhika kuwa shule haina upungufu. Ya tatu wakaiharibu makusudi. Ikajibiwa kwamba haikueleweka.

Majibu yote matatu yalikuwa kwa Kiingereza safi kabisa, na wanafunzi walijua mara moja nani ameyaandika. Jibu la tatu lilirudi na barua yao ikiwa imebanwa nyuma, kila kosa limepigiwa mstari kwa penseli, na pembeni neno moja: jitahidini.

Mwezi Julai neema ikatushukia. Ofisi ya Mratibu ilitangaza kwamba shule yetu imechaguliwa kuwa Kituo cha Umahiri wa Lugha ya Kiingereza. Sababu ilielezwa: kwa mwaka mzima ndiyo shule pekee ambayo haikupokea lalamiko hata moja dhidi ya mwalimu wa somo hilo. Mheshimiwa angekuja mwenyewe, Jumamosi, kama mgeni rasmi, kuzindua bango.

Pamoja na tangazo ulikuja Mwongozo wa Risala, kurasa tisa. Mwongozo ulikataza neno "tatizo". Neno "changamoto" nalo lilikuwa limestaafishwa. Neno sahihi sasa ni "fursa". Kwa mfano, sisi tuna fursa ya vyoo. Risala iandikwe na wanafunzi, kwa Kiingereza, ili iendane na hadhi ya bango. Nakala ipelekwe ofisini siku moja kabla, ipitiwe na kupigwa muhuri. Kamati ikague sarufi na heshima peke yake. Isijadili maudhui, kwani maudhui ni suala la kisera.

Ni mwongozo mzuri. Sijawahi kuona mwongozo uliofungua mlango mpana namna hiyo ukidhani unaufunga.

Wanafunzi waliandika. Mimi nikachapa. Kisha kamati ikakaa ofisini kwa mkuu wa shule, Jumatano saa nne asubuhi. Mwalimu Elikana alisoma ukurasa wa kwanza haraka. Alipofika wa pili alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, akarudia kusoma.

"Sarufi iko sawa," akasema.

"Imesema nini?" akauliza Bi Mwanvua.

"Bi Mwanvua, hadidu za rejea hazituruhusu."

"Hadidu ndiyo nani?"

"Ni mipaka ya kazi yetu. Sisi tunaangalia sarufi na heshima."

"Mwalimu, miye nauza samaki. Mtu akiniuliza samaki huyu ana nini tumboni, nampasulia pale pale."

"Huyu hapasuliwi mpaka Jumamosi."

Bi Mwanvua akanigeukia. "Mama Veredi, wewe umesoma. Kilichomo ni kibaya?"

"Sina mamlaka ya kusema," nikasema. "Lakini ningekuwa wewe, Jumamosi ningewahi kiti cha mbele."

Akamgeukia Mwalimu Elikana. "Haya. Heshima imo?"

Mwalimu Elikana akahesabu kwa kidole. "Mheshimiwa ametajwa mara kumi na tisa."

"Basi imepita," akasema Bi Mwanvua, na mimi nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba imepita bila kupingwa.

Jioni ile nilikuwa nasonga ugali wa muhogo, Verediana amesimama mlangoni na sahani, hapeleki mezani wala harudishi kabatini.

"Mama, unajua tulichoandika?"

"Mimi ni katibu. Katibu hajui, anachapa."

"Watatufukuza shule?"

"Mmeandika uongo?"

"Hapana."

"Mmetukana mtu?"

"Hapana, mama."

"Sasa wakufukuze kwa lipi? Kwa kuandika vizuri?"

"Wanaweza." Akaiweka sahani mezani. "Imebaki miezi mitatu na nusu. Nikifukuzwa sasa sifanyi mtihani kabisa. Ningenyamaza angalau ningefanya, hata kama ningefeli."

Nilimpakulia dagaa.

"Nani atakayesoma mbele ya mgeni?"

"Mimi. Wenzangu wote wamekataa."

"Basi soma polepole," nikamwambia. "Na ukifika ukurasa wa pili, usimeze maneno."

Ijumaa nilipanda bodaboda hadi ofisi ya Mratibu kupeleka nakala. Mwalimu Marcelina alikuwa kwenye meza ndogo nje ya mlango wa Mheshimiwa, amezungukwa na hotuba. Nilimpa kurasa tatu. Akazisoma zote, taratibu, mkono ukiwa mdomoni.

"Mama Veredi, nani kaandika hii?"

"Darasa lako."

"Peke yao?"

"Nani mwingine?"

Akainama, akachukua penseli, akabadilisha alama moja ya mkato. Kisha akaingia nayo ndani, mlango akauacha wazi. Mheshimiwa alikuwa anaongea na simu.

"Risala ya Migazini," akasema Mwalimu Marcelina.

Mheshimiwa akafunika simu kwa kiganja. "Ina urefu gani?"

"Kurasa tatu."

"Inafaa."

Akapiga muhuri wa IMEPITIWA kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kwa tahadhari akaupiga pia kwenye karatasi tupu ya nyuma. Muda wote huo hakukata simu. Ufanisi wa namna hiyo hauonekani kila siku.

Jumamosi ikafika. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu na akawahi, akafika saa sita. Ngoma ilichezwa. Bango lilifunuliwa. Kisha mshereheshaji akasoma wasifu wa Mheshimiwa, uliotumwa na ofisi yake pamoja na Mwongozo wa Risala: mtaalamu mbobezi wa lugha ya Kiingereza, mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili katika sarufi, uandishi rasmi na fasihi. Wazazi tukapiga makofi. Mwalimu Marcelina, aliyekaa nyuma na mkoba wa hotuba, alipiga makofi kwa kuchelewa kidogo.

Verediana akasimama kwenye kipaza sauti. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa shukrani, na Mheshimiwa aliutikisia kichwa kwa kukubali kila nukta. Ukurasa wa pili ulipoanza, wanafunzi sitini na mmoja waliokaa chini walinyooka migongo kwa pamoja. Wazazi hatukuelewa kitu, au tuseme wengi wetu hatukuelewa kitu. Verediana hakumeza neno. Mheshimiwa alisoma ujumbe kwenye simu, akatabasamu, akatikisa kichwa, akaandika ujumbe, akatikisa tena. Risala ilipokwisha yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kisha akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "nimesikiliza risala nyingi, lakini hii! Hii imeenda shule. Nimeifuatilia neno kwa neno. Sasa mimi si mtu wa mchakato mchakato. Mimi ni mtu wa vitendo. Yote mliyoomba nimeyapokea, nimeyakubali, na utekelezaji unaanza Jumatatu!"

Kidato cha nne waliruka juu. Walipiga kelele ambazo nadhani zilisikika hadi kijiji cha Ilagala. Mheshimiwa, aliyezoea makofi ya kawaida, alishtuka, kisha akafurahi, akapunga mkono.

Ndipo Bi Mwanvua akasimama pale mbele, amevaa kitenge kipya.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, mama yangu."

"Mama yako kwa umri gani? Tuyaache. Sisi wazazi tumefurahi umekubali. Ila Kiingereza hatukijui. Tuambie umekubali nini."

"Aaa, mama. Ni mambo ya kitaaluma."

"Yapi?"

"Ni... mapana. Kwa ujumla watoto wanashukuru kwa bango."

Kicheko kikatoka kwa wanafunzi, kikafa haraka.

"Watu hawaruki vile kwa ajili ya bango," akasema Bi Mwanvua. "Umesema umefuatilia neno kwa neno. Mimi sitaki maneno yote. Nipe matano."

Mheshimiwa akageuka nyuma kumtafuta Mwalimu Marcelina. Mwalimu Marcelina alikuwa amezama kutafuta kitu ndani ya mkoba. Akamgeukia mshereheshaji, na mshereheshaji akakagua waya wa kipaza sauti.

"Ili kuokoa muda," Mheshimiwa akasema, "msomaji mwenyewe awafafanulie wazazi."

Verediana akarudi kwenye kipaza sauti. Akakishusha kidogo. Alisema polepole, kama nilivyomwambia.

"Tumesema hivi. Mheshimiwa, mwalimu wetu yuko ofisini kwako miezi kumi na minne. Kwa kuwa wewe mwenyewe ni mtaalamu wa sarufi, uandishi rasmi na fasihi, tunaelewa unamhitaji kuliko sisi. Kwa hiyo kaa naye. Ila tunaomba kuanzia Jumatatu uje utufundishe wewe, Jumatatu na Jumatano, kipindi cha kwanza, mpaka siku ya mtihani. Tumekuandalia chaki. Ni hayo tu, Mheshimiwa."

Upepo wa ziwani ulipiga turubai tulilokaa chini yake. Kisha mzazi mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata wote, na simu zikanyanyuliwa juu kurekodi.

"Hili lina utaratibu wake," akasema Mheshimiwa. "Lingepaswa kupita ofisini kwangu kwanza."

Mwalimu Elikana akainuka kwa adabu, akamkabidhi nakala kwa mikono miwili. Mheshimiwa akaona muhuri wake. Akafunua ukurasa, akauona mwingine. Akafunua wa tatu. Akafunua na ile karatasi tupu.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Naona imepita."

Mchana ule ule, kabla ya turubai kushushwa, Mwalimu Elikana aliandaa ratiba mpya. Hakuwa na jinsi, ahadi ya mgeni rasmi ni maagizo. Jumatatu na Jumatano, kipindi cha kwanza, kidato cha nne: Mwl. Bonaventura. Nikaichapa. Jumapili dereva wa ofisi akaja kuichukua, na Jumatatu alfajiri ikarudi ikiwa na muhuri.

Jumatatu hiyo saa moja na nusu gari la Mratibu likaingia uwanjani. Kidato cha nne walikuwa wamekwisha kukaa, ubao umefutwa, chaki ziko kwenye kisahani. Mlango ukafunguliwa, akashuka Mwalimu Marcelina na begi lake, na ndoo, na godoro. Mikononi alikuwa na barua ya kurejeshwa kituoni mara moja. Kwa miezi kumi na minne jambo hilo lilihitaji mchakato. Mwishowe lilihitaji siku moja, tena Jumapili.

Sitaeleza kilichotokea darasani. Itoshe kusema kwamba mwalimu hakuweza kuanza kufundisha hadi kipindi cha pili, na kwamba Verediana alirudi nyumbani na kazi ya nyumbani ya kurasa nne, akaifanya huku anaimba.

Hapa ndipo watu wengi hudhani habari imekwisha. Lakini sisi ni kamati, na tunafuata taratibu.

Mheshimiwa alikuwa bado yumo kwenye ratiba. Mwalimu Elikana alieleza vizuri kikaoni kwamba ratiba yenye muhuri haiwezi kubadilishwa bila kibali cha Mratibu, na kwamba tangu siku ile Mratibu hapokei simu zinazotoka Migazini. Kwa hiyo kila Jumatatu na Jumatano Mwalimu Marcelina alifundisha kipindi hicho kwa kujitolea, na kwenye daftari la mahudhurio, kwenye nafasi ya saini ya Mwl. Bonaventura, Mwalimu Elikana aliweka mstari mwekundu. Hakufanya hivyo kwa chuki. Ndivyo daftari linavyotaka.

Baada ya wiki tatu walikuja wakaguzi wa mahudhurio, vijana wawili wakali, wapya kazini, kutoka ofisi hiyo hiyo ya Mratibu, ambako bosi huitwa Mheshimiwa tu. Walikagua madaftari bila kunywa hata maji. Wakakuta walimu wote safi, isipokuwa mmoja: vipindi sita, hajaonekana hata mara moja.

"Huyu Bonaventura ni nani?" akauliza mkaguzi mmoja.

"Ni mgeni hapa," akasema Mwalimu Elikana.

"Ana udhuru?"

"Hajaleta."

"Ni mgonjwa?"

"Hatujasikia."

"Watu kama hawa ndio wanaotuangushia ufaulu," akasema mkaguzi, akaandika.

Kwa mwongozo wa Mheshimiwa mwenyewe, mwalimu anayekosa vipindi vitano huandikiwa barua ya kujieleza, na barua hiyo husainiwa na Mratibu. Iliandaliwa siku ya Ijumaa na kuwekwa kwenye faili la saini, katikati ya barua nyingine arobaini. Katibu muhtasi wake ameniambia kwamba Mheshimiwa alizisaini zote kabla ya chai, akiwa na simu sikioni.

Nakala ya shule nimeipokea na kuiingiza kwenye jalada. Inamtaka Mwl. Bonaventura aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Na kwa kuwa ni mwalimu wa Kiingereza, maelezo yake yawe kwa Kiingereza, kwa muundo sahihi wa barua rasmi.

Leo ni siku ya tano. Dereva anasema Mheshimiwa amejifungia ofisini tangu juzi na karatasi nyeupe. Mwandishi wake yuko darasani.